Kesi ya Mti wa Sabuni

Kwanza nikueleze kampuni ya ushauri ni nini, maana mimi mwenyewe nilijaza fomu zao nikiwa sijui, na hata baada ya yote yaliyotokea sina hakika sana. Ni kampuni inayoendewa na wenye biashara wakipata matatizo. Yenyewe haiuzi kitu, haitengenezi kitu, wala haibebi kitu. Inakutumia vijana waliovaa vizuri, wanakaa na wafanyakazi wako, wanawauliza tatizo ni nini, kisha wanakuja kukueleza wewe yale waliyoelezwa na watu wako, pamoja na michoro ya rangi. Halafu unawalipa.

Nilipomweleza Mama hivyo alikuwa kwenye kibanda chake kule Masinya, Busia ya Uganda, anapima mukene, dagaa wa ziwani, kwa kopo. Akaacha kopo hewani.

"Wanalipwa kwa kushauri watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nashauri shangazi yako miaka ishirini. Hata soda hajanunulia mimi."

Mimi ni mwalimu, na mwalimu mzuri hujua swali lipi aliache lipite.

Nilikuwa na sababu ya kuitaka kazi ile. Nilikuwa nafundisha hisabati katika shule moja ya binafsi Tororo, na mkuu wa shule alikuwa ameniita ofisini, akaniulizia hali ya nyumbani, akanikaribisha chai, akanifahamisha kwamba muhula ule ungekuwa wangu wa mwisho. Mpwa wake alikuwa amehitimu. Tena kulikuwa na shangazi yangu, huyo asiyenunua soda. Anakaa ng'ambo, yaani Busia ya upande wa Kenya, na ana ofisi ya kupeleka wasichana Uarabuni kufanya kazi za ndani. Pasipoti yangu ilikuwa tayari kwenye droo yake. Tulikubaliana kwamba nikipata kazi ya ushauri, atanirudishia. Nikikosa, mwisho wa mwezi napanda ndege nikalee watoto wa watu, mimi na shahada yangu. Nayo kampuni ilichukua tu wale ambao hawajatimiza miaka thelathini, na mimi nilikuwa natimiza mwezi wa nane. Mwaka ujao haukuwepo.

Basi nikaanza safari. Hatua ya kwanza ulikuwa mchezo wa kompyuta, niokoe samaki wa rangi tofauti katika ziwa la bandia. Mimi niliyezaliwa kilomita chache kutoka ziwa la kweli niliokoa samaki kumi na wanne, nikaambiwa nina kipaji. Hatua ya pili ilikuwa mahojiano na simu. Si kwa simu. Na simu yenyewe. Unaiegemeza mahali, inakuuliza swali kwa maandishi, unaijibu kwa sekunde tisini huku ukijitazama usoni. Niliiegemeza kwenye boksi la chaki katika chumba cha walimu. Ikaniuliza ni lini niliwahi kuongoza watu katika hali ngumu. Nilipofungua mdomo tu, mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikawashwa. Nikaendelea kueleza kwa sauti ya juu, kama ninavyofundisha kila siku mashine hiyo ikisaga, na nikapita. Labda walidhani ninaendesha kiwanda.

Ukiwa na mpango wa kupita njia hii, nakutia moyo: usiogope. Kila hatua ni rahisi kuliko kumfundisha mtoto sehemu na desimali. Tofauti ni kwamba mtoto, akikosa kuelewa, hakutumii barua ya kukushukuru kwa kuonyesha nia.

Mukene naye ananifariji. Samaki yule yule, akiwa upande wetu ni mukene, akivuka lango la mpaka anakuwa omena, bei inapanda, na hakuna aliyemuuliza anajiona wapi miaka mitano ijayo.

Siku moja barua pepe ikaja. Hongera, umefika hatua ya mwisho: mahojiano ya kesi. Ijumaa, saa nne, hotelini Tororo.

Hapa ndipo penye neno lililonitia matatani, kwa hiyo nilifafanue taratibu. Kwa watu wa ushauri, kesi ni hadithi ya biashara yenye tatizo. Wanakusimulia, nawe unalitatua papo hapo wakikutazama. Ni kitendawili, ila mwenye kitendawili amevaa tai. Kwa watu wengine wote wanaozungumza Kiswahili, kuanzia ziwani hadi Malaba, kesi ni ile ya polisi.

Nilimpigia Mama jioni, mtandao ukiwa wa kusuasua.

"Mama, Ijumaa nina kesi Tororo."

"Nini?"

"Kesi! Pale hotelini, karibu na mwamba. Saa nne."

"Kesi ya nini?"

"Sijui bado. Wanakuambia ukishaingia."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa basi, nasafiri tu. Usimwambie mtu, Mama. Niombee."

Simu ikakatika. Kila sentensi niliyosema ilikuwa ya kweli. Jumla yake ndiyo iliyokuwa na makosa, na mwalimu wa hisabati mzima sikuisahihisha.

Ijumaa nilifika saa tatu na nusu. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umegawanywa kwa ubao mwembamba: upande mmoja chumba cha mahojiano, upande wa pili viti vya kungojea. Tulikuwa watahiniwa sita, wote tumekaa wima, mikono magotini. Hakuna aliyecheka. Tororo nzima inautazama mwamba wake. Sisi tulikuwa tunautazama mlango.

Kando yangu alikaa kijana kutoka Nairobi, suti ya buluu, viatu vyenye ncha kali.

"Sista, umeshika fremuweki ngapi?"

"Fremuweki ndiyo nini?"

"Mipango ya kujibia. Mimi nimeshika kumi na mbili. Lakini cheki, siri ni moja tu. Wakikuuliza kitu chochote, sema kuna mambo matatu."

"Na kama ni mawili?"

"Unaongeza."

"Na kama ni manne?"

"Unaficha moja. Halafu unachora mti." Akanichorea kwenye karatasi: shina ni tatizo, matawi ni sababu, vijitawi ni sababu za sababu. "Wanapenda mti vibaya sana. Ukichora mti, hata ukikosa jibu, umekosa kwa mpangilio."

Nilimshukuru. Akapunguza sauti. "Shida yangu ni hesabu, maze. Asilimia bila kikokotoo naona giza."

Ningefanya nini? Mbele yangu ameketi mtu asiyejua asilimia. Nikasahau kwamba nafasi ilikuwa moja. Nikamwambia, ukiulizwa asilimia kumi na tano, usiikimbilie yote. Tafuta kumi kwanza, hiyo ni kusogeza nukta tu. Chukua nusu yake, hiyo ni tano. Jumlisha. Akajaribu moja akakosa, akajaribu ya pili akapata, na ya tatu aliijibu kabla sijamaliza kuuliza.

"Ticha! Ningefundishwa na wewe ningekuwa daktari!"

"Bado una muda," nikamwambia. Huwa nawaambia wote hivyo.

Ndipo Mama akaingia.

Alikuwa amevaa gomesi yake ndefu ya kanisani, mshipi umekazwa, kapu kichwani. Nyuma yake alikuja mwenyekiti wa kijiji, ambaye huku tunamwita chemani, amevaa koti zito la suti kwa jua lile, bahasha mkononi, na mfuko wa koti umevimba kwa muhuri. Chemani hatoki nyumbani bila muhuri, kama wengine wasivyotoka bila simu.

Mama akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hawajakupiga?"

"Mama! Umekuja kufanya nini?"

"Nakuja na chemani. Askari iko wapi?" Akawatazama wenzangu watano, nyuso zao, mikono yao magotini. Huruma ikamjaa. "Na hawa wote? Kesi yao ni nyingine?"

"Hapana, mathe," kijana wa Nairobi akajibu kwa adabu zote. "Sote ni kesi moja."

"Moja! Watu sita! Mliiba nini kubwa hivyo?"

Nilimvuta pembeni, nikaanza kumweleza. Mimi nimeeleza aljebra kwa watoto waliokuja shuleni bila kula. Nilidhani hili nitaliweza. Nikamwambia, Mama, hii si kesi ya kortini, ni kesi ya kazi.

"Kesi ya kazi," akarudia. "Umeharibu nini kazini?"

"Sijaharibu. Ni maswali tu. Ukijibu vizuri unachukuliwa."

"Unachukuliwa wapi?"

Chemani akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi. "Usimsumbue. Wakili hukataza wasiseme kitu."

Mama akateremsha kapu. Mtu akiwekwa ndani, jamaa zake humpelekea chakula. Mama hakuja mikono mitupu. Ndani mlikuwa na kalo, yaani ugali wa wimbi, na mukene wa karanga kwenye bakuli lenye kifuniko kisichofunga. Harufu ikapanda, ikapita juu ya ubao, ikaingia chumba cha mahojiano kabla yangu. Mlango ukafunguliwa, jina langu likaitwa.

"Simama wima," Mama akaninong'oneza. "Usikubali kitu."

Ndani walikuwa wawili. Mwanamume kutoka Kampala aliyeuliza maswali, na mwanamke kutoka Nairobi aliyeandika bila kuinua uso. Tulichanganya Kiingereza na Kiswahili, maana tangazo lilisema kazi itakuwa ya mpakani. Kesi ilikuwa hii: kiwanda cha sabuni kina wateja pande zote mbili za Busia. Bei yake haijapanda. Matangazo yameongezwa. Watu hawajaacha kufua. Lakini mauzo yameshuka mno, hasa vijijini. Kwa nini?

"Kuna mambo matatu," nikasema.

Nikaona mwanamume anatabasamu. Nikachora mti ubaoni. Tawi la wanunuzi, tawi la washindani, tawi la usafirishaji. Nikaweka vijitawi. Wakanipa tarakimu, nikazigawanya kichwani, nikawapa jibu pamoja na njia, kwa sababu asiyeonyesha njia simpi alama na mimi sikutaka kunyimwa. Nikahitimisha kwamba huenda sabuni ya bei nafuu imevuka kutoka upande wa pili. Ulikuwa mti mzuri sana. Ungeweza kukaa chini yake ukapumzika.

"Sikubaliani nawe," mwanamume akasema, akaegemea nyuma. Baadaye nilisoma kwamba hii ni desturi yao, kukukatalia ili waone utafanyaje. Kisha kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutosha, akaniambia nijitetee.

Mama hajui Kiingereza kingi. Lakini mwaka ule mukene wake walipokamatwa mpakani kwa kosa la kukosa karatasi, alisimama kortini siku mbili, na neno la kujitetea alilisikia kwa Kiingereza mara nyingi kiasi cha kulifahamu hadi kufa. Ubao ulikuwa mwembamba. Mlango ukafunguka.

"Waheshimiwa," Mama akasema, akapiga goti. Chemani akavua kofia.

Mwanamume akanitazama. "Unawafahamu hawa?"

Hapa nitasema ukweli, ingawa naona aibu kuuandika. Sikujibu mara moja. Niliitazama gomesi, nikautazama mti wangu ubaoni, nikaiwaza droo ya shangazi. Nilinyamaza kama sekunde mbili. Si nyingi. Katika mahojiano na simu zilikuwa tisini. Lakini sekunde hizo nazikumbuka kuliko zile zote.

"Ni mama yangu," nikasema. "Na huyu ni mwenyekiti wa kijiji chetu."

"Huyu mtoto ametoka tumbo yangu," Mama akawaambia, bado yuko gotini. "Toka ndogo hajaiba hata sukari. Kama kosa iko, kosa si yake."

"Kijiji kinamfahamu," chemani akaongeza, akiinua bahasha. "Nimeandika barua. Kama muhuri haukutosha, naweza kupiga mwingine hapa hapa."

Mwanamke aliyekuwa akiandika aliweka kalamu chini. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Akaja akamwinua Mama kwa mikono miwili.

"Mama, hakuna aliyemshtaki. Tunamuuliza mambo ya biashara tu. Mambo ya sabuni."

"Sabuni?" Mama akapumua. Akageuka akautazama ubao, mara ya kwanza. "Na hii ni nini?"

"Mti, Mama," nikasema.

"Muti ya sabuni?"

Nisimame kidogo hapa kwa ajili ya msomaji wa mbali. Kile kipande kirefu cha sabuni ya kufulia ambacho vitabuni kinaitwa mche, huku kwetu kinaitwa mti. Mama husema muti. Kina alama zilizochongwa, mwenye duka anakata kwenye alama na kuuza kipande kimoja kimoja. Kwa hiyo Mama hakuwa amekosea. Alikuwa ameambiwa habari ni za sabuni, akaonyeshwa mti.

"Muti ya sabuni imekuwa na matawi toka lini?" akauliza. Akanitazama mimi, si wao. "Ticha, umekaa dukani yangu miaka yote, unasahau? Muti haina matawi. Iko na alama."

"Alama gani, Mama?" mwanamke akauliza.

"Zamani iko alama kumi. Nakata kumi. Tisa narudisha pesa ya muti, ya kumi ndiyo yangu, ndiyo chumvi yangu. Sasa hawa watu wamefupisha muti, alama tisa. Bei ile ile! Yangu iko wapi? Nikate ndogo, wanawake wananitukana. Niongeze bei, iko sarafu gani ya katikati? Basi nikaacha. Nauza ile ingine ya alama kumi, hata haitoi povu."

Chemani alikuwa anatikisa kichwa kuafiki, maana yeye pia hununua kipande kimoja kimoja, koti au si koti.

Mwanamke alirudi mezani akaandika, akaandika, akafungua ukurasa mwingine. Mwanamume akasema, "Asante sana, mama. Tafadhali subirini nje." Mlango ulipofungwa akanigeukia, akaonyesha ubao.

"Sasa turudi kwenye mti wako."

Nikaelewa kwamba nimekwisha. Tulirudi kwenye mti, tukapanda tawi hadi tawi, na hakuna popote palipokuwa na sabuni.

Nilipotoka, kijana wa Nairobi aliitwa. Alipita karibu yangu akanigusa bega, hakunitazama machoni. Nikakaa na Mama na chemani, tukafungua kapu, nikala kalo ya mahabusu. Nilikuwa na njaa kweli. Kutoka upande wa pili wa ubao sauti yake ilisikika waziwazi, imetulia, kama mtu anayesoma habari.

"Kuna mambo matatu. La kwanza na kubwa zaidi ni idadi ya vipande katika kila mche."

Chemani aliacha kutafuna. "Kijana huyo anajua sabuni," akasema.

Barua ya majibu ilikuja wiki iliyofuata. Walivutiwa sana. Walishukuru sana. Hata hivyo. Nimesahihisha insha nyingi maishani, najua sentensi inayoanza na hata hivyo inakwenda wapi. Walikuwa na ukarimu wa kunipa maelezo: hesabu bora, mpangilio bora, lakini mtahiniwa alitegemea taarifa kutoka nje ya chumba. Nilisoma mara tatu. Sijawahi kuona taarifa ya sabuni iliyokuwa ndani ya chumba kile.

Shangazi alifurahi kwa namna ya kunihurumia. Akapiga simu akasema tiketi imeshapatikana, nibebe nguo nyepesi, na nisiende na vitabu, wenye nyumba hawapendi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa Mama, nafunga mkoba. Mama alikuwa kibandani hataki kuniangalia. Aliamini bado kwamba nilishindwa kesi kwa sababu yake, na mimi nilikuwa nimemweleza mara nne kwamba haikuwa hivyo, na mara zote nne nilieleza vibaya, kwa sababu kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Ndipo bodaboda ikasimama. Akashuka kijana wa suti ya buluu, safari hii bila suti, viatu vile vile vyenye ncha vikiwa na vumbi la Masinya.

"Shikamoo, mathe," akasema.

"Marahaba. Wewe walikuachilia?"

"Walinichukua," akasema, na uso ukamshuka. Akanigeukia. "Ticha, nilisikia yote kupitia ubao. Sitakudanganya. Jibu lilikuwa la mathe, asilimia ilikuwa yako. Yangu ilikuwa ile kusema kuna mambo matatu."

"Uliisema vizuri," nikamwambia. Sikuwa nakejeli. Haya, nilikuwa nakejeli, lakini pia ilikuwa kweli.

Akaeleza alichofuata. Kesi ile haikuwa ya kubuni. Kiwanda cha sabuni kilikuwa mteja wao wa kweli, na kampuni ilitaka kuzungumza na wenye vibanda wa pande zote mbili, kuanzia Lumino hadi Malaba, kwa miezi mitatu. Bosi wake, yule mwanamke aliyeandika, alimwambia aanze na yule mama wa alama kumi.

"Kwa hiyo mathe, nilitaka tu nikuulize maswali kidogo."

Mama akachukua kopo, akaanza kupima mukene ambao hakuna aliyewaagiza.

"Hiyo ni kushauri?"

"Ni kama... ndiyo. Ni kushauri."

"Ticha aliniambia ushauri inalipwa."

Kijana akanitazama. Nikautazama mwembe wa jirani.

"Inalipwa, mathe. Kuna kitu kidogo cha wataalamu."

"Vizuri. Lakini mimi Kiswahili yangu ni ya sokoni, na wewe yako ni ya Nairobi. Hatutasikizana. Mimi bila ticha siongei. Na hawa wanawake wa Lumino nawajua, bila mtu ya kuwaeleza pole pole watasema ndiyo kwa kila kitu ili uende." Akafunika mukene. "Kesi ile ilikuwa yenu wawili. Sasa mbona moja anafunga mkoba?"

Kijana alikaa kwenye kreti ya soda, akapiga simu, akatembea hadi kwenye mihogo kutafuta mtandao, akarudi. Miezi mitatu, akasema. Msaidizi wa utafiti, si mshauri. Si ajira ya kudumu, hakuna bima, na kwenye michoro ya rangi jina langu halitaonekana. Nikamwambia kuna mambo matatu: nakubali, nakubali, na la tatu nitaliongeza baadaye. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke. Nami nikamtumia shangazi ujumbe wa maneno machache, kwamba nakuja kuchukua pasipoti, kabla sijapata muda wa kuogopa.

"Kuna kitu kimoja tu," kijana akasema. "Kampuni haiwezi kukuandika bila barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri, kwamba una tabia njema na huna kesi yoyote. Tutaipata lini?"

Mama aliweka kopo chini. Aliingia ndani ya nyumba, tukasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na bahasha ya chemani, ile ile, ina doa la mafuta ya karanga kwenye pembe moja. Kijana akaifungua, akasoma kwa sauti.

"'Anayetajwa hapo juu ni mtoto wa kijiji hiki, mwenye heshima. Hana kesi yoyote, na kama anayo, kijiji hakijui.'"

Akaisoma tena kimya. Akauliza kama hiyo sehemu ya mwisho inaweza kufutwa.

"Muhuri ikipigwa imepigwa," Mama akasema.

Ikaenda Nairobi hivyo hivyo, pamoja na doa lake.